Gitaa la Upande wa Pili

4 Februari

Randa, mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Huku nyumba yote haijambo. Wifi yako bado anasimamia chumba cha kufulia pale hospitali. Miguu inamvimba akirudi, lakini ulimi haujavimba. Paa lililokuwa linavuja limezibwa. Mwambie Mama kikohozi cha wifi yako kimeisha, asimtumie tena ile dawa yake. Tuliinywa wote mpaka paka akahama.

Usishangae kuona karatasi. Simu yangu imepasuka kioo, halafu wewe na mimi kwenye simu hatumalizi dakika mbili bila kubishana. Kwenye karatasi angalau kila mtu anamaliza sentensi yake.

Nina jambo la kikazi. Nataka gitaa jipya la umeme, na nataka unitengenezee wewe, hapo hapo kwenye karakana yenu. Hili nililonalo limenichosha. Ulilibeba siku ya harusi ya binamu yetu ukasema ni mlango uliofungwa nyuzi. Nilicheka wakati ule. Sasa sicheki.

Nilipita kwenye duka la vyombo vya muziki wiki iliyopita. Magitaa yamepangwa ukutani, mekundu, meusi, moja la kijani kama sare ya shule. Muuzaji akaniambia, "Shika ujaribu, Mzee." Nikamwambia nina haraka. Nikatoka.

Ninachotaka ni hiki. Mwili mwepesi, mwepesi kweli. Shingo nyembamba. Nyuzi laini kabisa, zilale karibu na mbao, kidole kikigusa tu zilie. Pikapu, zile sumaku za chini ya nyuzi, ziwe kali, nisilazimike kutumia nguvu. Rangi yoyote, ila ising'ae. Nimechoka na vitu vinavyong'aa.

Bendi imepumzika kidogo. Ukumbi wa hoteli unapakwa rangi, na Meja amesema atatuita ukiwa tayari. Unamkumbuka Meja, kiongozi wetu, yule anayetuamrisha kama wanajeshi na hajawahi kuvaa sare hata ya mlinzi.

Nijibu ukipata nafasi. Usijiue kwa kazi.

Kaka yako


27 Februari

Kaka,

Barua ilifika imelowa pembeni lakini inasomeka. Mama anakusalimu. Magoti yake ni yale yale. Anashinda dirishani akiwahukumu wapita njia kwa viatu vyao, na dawa anasema ataituma kwa wingi zaidi, maana paka si kipimo.

Umesalimia kwa niaba ya wifi, paa na paka. Wewe mwenyewe umejiruka. Nimeona.

Sasa gitaa. Nitakuuliza kama ninavyomuuliza mteja yeyote anayeingia hapa na ndoto yake kichwani. Utapiga umesimama au umekaa? Unataka sauti ya kukata au sauti ya mviringo? Maana sumaku kali ni kama mtu anayesema kwa nguvu: utasikika, lakini utani mdogo mdogo unapotea, na wewe solo lako lote ni utani mdogo mdogo.

Uzito si tatizo. Nina kipande cha mbao ya mkangazi, kikavu. Nitakichimba vyumba vya hewa ndani kisha nikifunike, kwa nje hutajua. Lakini shingo nyembamba sikuelewi. Wewe ndiye uliyenifundisha, kabla sijashika patasi, kwamba shingo nyembamba inachosha. Kiganja kinakosa cha kushika, mkono unajikunja kama unaandika. Ulikuwa unasema ni shingo ya vijana wenye haraka. Na nyuzi zikilala sana zitakwaruza vyuma vya shingo, utapata mngurumo mbaya. Haya yote unayajua. Imekuwaje?

Fanya hivi. Weka kila mkono juu ya karatasi, tawanya vidole, wifi akuchoree kwa penseli. Nitumie michoro yote miwili. Nitachonga shingo ya mkono wako, sio ya mkono wa kwenye magazeti.

Bosi anakusalimu. Anakohoa sana siku hizi, vumbi limemkalia kifuani. Tuko wanne tu tuliobaki.

Randa


19 Machi

Randa,

Mpe Mama pole ya magoti. Wifi yako anawasalimu, amebadilishiwa zamu, sasa tunaonana kama watu wanaopishana kwenye ngazi. Mpe pole na bosi wako pia.

Michoro ya mikono hii hapa. Wifi yako amechora, penseli ilikuwa butu, usimlaumu.

Nitapiga nimekaa. Umri. Kuhusu shingo, mtu hubadilika. Fanya nyembamba.

Halafu nimefikiria jambo. Tukizifunga nyuzi kwa namna nyingine, zote zikipigwa wazi zitoe sauti zinazokubaliana, si mtu anaweza kulaza kidole kimoja tu kuvuka zote, akapata wimbo? Bila kupanga vidole vingine. Naona siku hizi wapo wanaofanya hivyo. Niambie kama shingo inahitaji kuchongwa tofauti kwa ajili hiyo.

Ukumbi bado unapakwa rangi. Sijui wanapaka rangi gani isiyokauka.

Usimpigie wifi yako kazini. Msimamizi wao ni mkali.

Kaka yako


15 Mei

Kaka,

Nimechelewa kukujibu. Kulikuwa na pilikapilika kazini, nitakueleza siku nyingine. Mama hajambo. Ameanza kuchanganya siku, Alhamisi anaiita Jumapili, lakini ukimrekebisha anasema wewe ndiye uliyechanganya.

Michoro yako imekaa mezani kwangu muda mrefu. Kila nikitaka kuanza shingo naitazama, naweka patasi chini. Mwanzo sikujua kinachonisumbua. Kisha nikaona kucha.

Wewe hupigi kwa kipande cha plastiki. Unapiga kwa kucha. Tangu nikiwa mtoto nakuona ukizifuga kucha za mkono wa kulia kama bibi harusi, na za kushoto ukizikata hadi nyama, kwa sababu kucha ikiwa ndefu kidole hakiwezi kubana uzi. Michoro yote miwili ina kucha ndefu. Na kidole cha kati kimepinda kidogo mahali pale pale, kwenye mikono yote. Mlichora mkono wa kulia umelala kifudifudi, kisha mkaugeuza chali mkauchora tena, mkaandika "kushoto".

Basi nikampigia wifi kazini. Msimamizi hata hakuwepo. Nikamwuliza, "Wifi, mkono wake wa kushoto una nini?" Nikawa nasikia mashine za kufulia zinazunguka nyuma yake. Halafu akasema, "Mwulize mwenyewe. Mimi nimechoka kubeba maneno ya mtu mwingine." Akakata.

Haya, nakuuliza mwenyewe.

Shingo sijaichonga. Siwezi kuchonga shingo ya mkono ambao sijauona.

Randa


2 Juni

Randa,

Salamu kwa Mama. Tafadhali hii usimsomee.

Ilikuwa Desemba. Tulikuwa hotelini, mchana, kwenye mazoezi, viti vimepinduliwa juu ya meza na yule mama wa usafi anapiga deki. Nikafika mahali pa solo langu, gitaa likanyamaza. Wenzangu wanaendelea, mimi sisikiki. Nikadhani waya umechomoka. Nikaangalia tundu la waya, limekaa sawa. Nikamwambia Meja, "Waya."

Akasema, "Umesemaje?"

Nikarudia. Akasimamisha bendi kwa mkono. Akaniangalia usoni kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia, akasema polepole, "Kaa chini, kaka. Kaa chini hapo hapo."

Nilipotazama, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeishika shingo vizuri kabisa, kama kwenye picha ya bango. Lakini haukuwa wangu. Ulikuwa umewekwa tu pale.

Daktari amesema ni kiharusi kidogo. Kidogo, kwa maana kwamba nilitoka hospitali kwa miguu yangu. Mdomo ulikwenda upande, umerudi, ila maneno mengine bado yanateleza, nikiyasema haraka nasikika kama mlevi. Ndiyo maana ya karatasi. Kioo cha simu kimepasuka kweli, hilo sikudanganya, lakini simu inafanya kazi.

Mkono unanyanyuka. Kuanzia begani mpaka kiwikoni hauna ubaya, naupeleka mbele na nyuma, juu na chini. Vidole ndivyo havisikii. Navituma, vinakaa. Wifi yako anarudi na vibanio vya kuanikia nguo, ananiwekea kwenye bakuli nivibane kwenye kamba kimoja kimoja. Nikimaliza bakuli nimelowa jasho kama nimepakua lori. Yeye anakaa pembeni anakunja nguo, haniangalii, na najua anaangalia.

Meja alikuja mwezi wa tatu, na matunda kwenye mfuko. Akazungumza habari za mvua, habari za bei ya spika. Mwisho akasema, "Nimemchukua kijana mmoja ashike kwa muda." Nikamwambia, vizuri. Akasema, "Kwa muda tu." Nikamwambia nimesikia. Ukumbi haujapakwa rangi yoyote. Nilikwenda siku moja kusikiliza, nikasimama nje karibu na jenereta wasinione. Kijana anajua. Anapiga haraka kuliko mimi, na mahali pa kunyamaza ananyamaza. Ningependa ningeweza kukuambia ni mbovu.

Sikukuambia kwa sababu ungemwambia Mama, na Mama angepanda basi na magoti yale. Pia sikutaka kuwa habari. Nimekuwa mpiga solo miaka yangu yote ya utu uzima. Sikutaka barua ya kwanza ya maisha mengine iandikwe na mimi.

Sasa umejua. Kidole cha shahada ndicho chenye dalili ya kurudi. Ndiyo sababu ya kidole kimoja, na shingo nyembamba, na nyuzi laini. Nitengenezee kama nilivyoomba. Nataka nikirudi nirudi na kitu mkononi.

Kaka yako


30 Julai

Kaka,

Mama anakusalimu. Nimemwambia ni bega. Ameamini kwa sababu ametaka kuamini. Anakasirika na vumbi la mbao. Anasema limeingia hadi kwenye sufuria ya chai, na kweli limeingia.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Sitaandika pole nyingi, najua unavyozichukia. Nimefanya kazi.

Sanduku litafika na lori la mizigo siku chache baada ya barua hii, nimepanga iwe hivyo ili usome kwanza. Mwili ni ule mkangazi, nimeuchimba mpaka nikaogopa. Ukiupakata hutausikia. Nimeupaka vanishi tu, haung'ai. Sumaku si kali sana, ni za katikati. Nimezizungusha waya mwenyewe. Kipande cha kupigia nimekishonea mkanda wa ngozi wa kuvaa kwenye kidole gumba, kisidondoke hata mkono ukisahau kukishika. Shingo ni nene. Inajaza kiganja, kama ulivyokuwa unapenda.

Usishtuke ukilifungua. Nimeligeuza. Ni gitaa la mashoto.

Nisikilize kabla hujatupa barua. Umesema bega mpaka kiwiko kinakwenda juu na chini. Kupiga nyuzi ni kazi ya kiwiko. Kubana nyuzi ni kazi ya vidole, na vidole vyako vizima vyote vitano viko mkono wa kulia. Nimekaa na hesabu hiyo wiki nzima na kila nikiigeuza inatoa jibu lile lile. Kwa kidole kimoja kilicholazwa ungepata nyimbo chache, na kila siku ungekuwa unakumbushwa vile vinne. Kwa upande huu utaanza kama mtoto, najua. Lakini mtoto hukua.

Usinijibu haraka.

Randa


21 Agosti

Randa,

Salamu kwa Mama. Wifi yako hajambo.

Sanduku lilitangulia, barua yako ikafika baadaye. Kwa hiyo nililifungua bila kujua. Meja alikuwepo, amekuja kuniona, wifi yako naye alikuwa ametoka kazini. Nikamwambia Meja, "Subiri uone kazi ya mdogo wangu." Nikalitoa. Nikaliweka pajani, nyuzi zikawa zimenielekea tumboni. Nikaligeuza, nyuzi nene zikawa chini. Meja akatazama, akasema kwa upole, "Wamekosea. Wametuma la mtu mwingine."

Nikasema ndiyo, wamekosea.

Mimi niliomba kitu. Mtu akija kwako anataka kiti, humpi kitanda kwa sababu umemwona amechoka. Mkono wangu wa kulia haujawahi kuigusa shingo ya gitaa isipokuwa kulibeba. Unaniambia nijifunze kusema upya, na kusema upya tayari najifunza, kila asubuhi, mbele ya kioo, kama mjinga. Kile kidole kimoja kilikuwa changu. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa upande wangu.

Umetengeneza vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nimelirudisha kwenye sanduku.

Na jambo jingine. Sanduku lina chapa ya kiwanda cha vitanda. Ndani umejaza sponji ya magodoro, na vanishi inanukia kama meza ya kulia. Karakana yenu imeanza kuuza vitanda lini?

Kaka yako


3 Oktoba

Kaka,

Mama anakusalimu, na sasa anajua. Nilimwambia siku iliyofuata barua yako, sikuwa na nguvu za kuendelea na habari ya bega. Aliniangalia, akauliza, "Anakula mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Anavaa viatu mwenyewe?" Nikasema sijui, labda wifi anamfunga kamba. Akasema, "Basi." Akaenda kulala mchana kweupe, kitu ambacho hakifanyi. Kesho yake akaanza kuulizia basi. Nimemzuia mpaka sasa.

Karakana haiuzi vitanda. Karakana haipo. Ilifungwa mwezi wa nne. Bosi kifua kilimshinda, akauza mashine zote akaenda kukaa kwa mwanawe. Tulisimama mlangoni sisi wanne tukiangalia msumeno mkubwa ukipandishwa kwenye lori, kama vile tunamsindikiza mtu. Ndizo pilikapilika nilizokuandikia.

Sasa niko kiwanda cha vitanda. Kazi yangu ni miguu. Naingiza mti kwenye mashine, unatoka mguu. Naingiza mwingine, unatoka mguu ule ule. Vitanda vyenyewe sijaviona, vinaunganishwa jengo jingine. Nikirudi nyumbani nimechoka uchovu usio na maana, kwa sababu hakuna ninachoweza kukionyesha na kusema hiki nimekitengeneza mimi.

Gitaa lako nililitengenezea jikoni, siku za Jumamosi, kwa randa ya mkono na patasi zangu mwenyewe, Mama akilinda sufuria zake. Lilikuwa kitu pekee chenye sura nilichokuwa nacho. Nilipopata wazo la kuligeuza nilijua nikikuuliza utakataa. Ukikataa ningekutengenezea kile ulichoomba, kitu ninachojua hakitakufaa, halafu Jumatatu narudi kwenye miguu. Kwa hiyo sikukuuliza. Nililitengeneza kwa ajili yako na kwa ajili yangu, na sehemu yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokuandikia. Ningekuwa mteja nami ningekasirika.

Shingo imeshikwa na skrubu, si gundi. Lirudishe. Nitachonga nyingine nyembamba ya upande wako, nitafunga nyuzi kwa ajili ya kidole kimoja, na sitabisha. Mwili utakuwa umekaa kinyume kidogo pajani, lakini utatulia.

Nimechoka kuwa sahihi, Kaka. Lirudishe tu.

Randa


26 Novemba

Randa, mdogo wangu,

Salamu kwako, na kwa Mama salamu yake peke yake. Mwambie viatu navaa mwenyewe. Vya kamba wifi yako aliviweka juu ya kabati, nimepata vya kuchomeka. Mimi mwenyewe sijambo. Nalala mchana kama mtu wa mshahara mkubwa. Wifi yako amepewa zamu ya asubuhi, tunakula pamoja tena, na ananisema kama zamani. Hiyo nimeichukua kama dalili ya kupona.

Habari za karakana zimeniumiza, na imeniuma zaidi kwamba uliandika "pilikapilika". Lakini nani wa kumsema mwenziwe.

Nililipeleka sanduku kwenye ofisi ya mizigo. Nilisimama kwenye foleni, wifi yako amenisaidia kulibeba mpaka mlangoni akawahi kazini. Nikafika dirishani. Karani, binti mwenye miwani, akauliza, "Ndani kuna nini?"

Nikasema, "Gitaa."

"Zima au bovu?"

Swali la kawaida tu, anamwuliza kila mtu. Nikasema, "Zima."

"Sasa mbona unalirudisha?"

Nikasema halinifai.

"Umelijaribu?"

Nikasema sijalipiga. Akaiweka kalamu chini. Hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka, ana watu mpaka nje. Akasema, "Mzee, kama hujalipiga huwezi kujua kama ni zima. Likifika limevunjika watasema nimelivunja mimi. Niandike nini hapa?"

Nilisimama pale nikitafuta neno, na maneno yangu siku hizi nikiyaharakisha yanateleza. Nyuma yangu mtu akaguna. Nikamwambia karani, "Acha nikalipige kwanza." Nikakaa juu ya sanduku pembeni mpaka wifi yako alipotoka kazini kunichukua. Hakuuliza kitu. Njia nzima hakuuliza, na unamjua.

Kwa wiki nzima nililiangalia. Kisha nikamwomba anikate kucha za mkono wa kulia, kwa sababu mkono wa kushoto hauwezi kukishika kikata kucha. Alizikata polepole, moja moja, akazikusanya kwenye kiganja chake. Alipofika kidole cha mwisho alikuwa analia, nami nikajifanya naangalia dirishani. Nadhani mpaka siku ile wote wawili tulikuwa tunausubiri ule wa kushoto.

Sasa nikuambie kama mteja. Mwili ni mwepesi, umepatia. Shingo ni nene kama inavyotakiwa, niliomba upuuzi. Kile kipande cha kuvaa kwenye gumba kinakaa, ila mkanda unabana, niongezee kidogo. Mkono wa kushoto unapiga kutoka kiwikoni kama mtu anayepepea moto, hauna adabu, lakini unakwenda. Wa kulia ndio mjinga. Vidole vinajua wimbo na havijui njia. Navituma mahali ambapo kichwani napajua kuliko jina langu, vinafika vimechelewa au vinaingia nyumba ya jirani. Vimetoka malengelenge. Mara ya mwisho kutoka malengelenge nilikuwa sijaota ndevu.

Kuna kosa moja, na hili ni lako. Kitufe cha sauti kiko pale mkono wangu wa kushoto unapopita. Mkono wenyewe haujui unakokwenda, unakigusa, sauti inazima katikati ya wimbo. Mara ya kwanza ilipozima nilijua yamerudi ya Desemba. Nikaita wifi yako. Akaja mbio na unga mikononi, akaangalia, akakizungusha kitufe, sauti ikarudi. Tulikaa kitandani tukacheka mpaka nikakosa pumzi. Lakini kihamishe. Njoo ukione, kwa maandishi siwezi kukueleza mahali. Uje na Mama, kabla hajapanda basi peke yake. Miguu ya vitanda itasubiri.

Meja hajaniita na hataniita. Yule wa muda amekuwa wa kudumu, ameshonewa hadi koti. Jukwaani sitarudi. Nimeliandika hilo ili nione linavyokaa kwenye karatasi. Linakaa. Siku nyingine linaniuma, siku nyingine nasahau mpaka jioni.

Napiga alasiri, mlango umefungwa, sauti ya spika iko chini kabisa. Nilidhani sisikiki. Jana nimetoka kuanua nguo, yule fundi cherehani wa chumba cha pili yuko nje anapasi suruali ya mtu. Tumekaa ukuta mmoja miaka mingi na hajawahi kusema lolote kuhusu muziki wangu, si baya wala zuri. Akasema bila kuinua macho, "Naona umepata mwanafunzi."

Nikasema, "Ndiyo, nimepata."

"Ana umri gani?"

"Hamsini na tatu."

Akapuliza pasi, akafikiria. "Amechelewa kuanza."

"Amechelewa," nikasema. "Lakini anakaa karibu."

Akaikunja suruali, akaiweka juu ya nyingine. "Mwambie pale katikati anakimbia. Atulie, hakuna anayemfukuza."

Nikamwambia nitamfikishia.

Kaka yako